Asiyekuwapo na Lake Halipo: Seyyid Barghash na Rafiki Zake Wakubwa

Mtu akitoka hapa Nguvumali, mjini Tanga, akashika njia ya kaskazini, hupita Amboni, na baada ya mwendo wa kilometa 65 hivi hufika Horohoro, mpakani mwa Tanzania na Kenya. Mahali hapo hapana mlima wala ziwa lililowatenga watu. Upande huu wapo Wadigo, na upande wa pili wapo Wadigo vilevile. Lugha yao ni moja. Harusi huvuka mpaka, na misiba huvuka. Ndiyo sababu wanafunzi wetu wametuuliza mara nyingi: Je, mstari huu aliupiga nani, naye alimwuliza nani?

Jawabu la swali hilo si refu, lakini lina mafundisho. Mstari huu uliandikwa mwaka 1886, katika barua walizoandikiana wakubwa wa Uingereza na Ujerumani. Wakati huo bendera iliyopepea katika bandari ya Tanga, na Pangani, na Mombasa, ilikuwa bendera nyekundu ya Seyyid Barghash bin Said wa Unguja. Lakini Seyyid hakuwamo katika shauri hilo. Aliletewa maneno yaliyokwisha kukatwa, akaambiwa akubali. Naye aliyemhimiza akubali hakuwa adui yake. Alikuwa rafiki yake.

Katika mazungumzo haya twataka kueleza jinsi jambo hilo lilivyotokea, ili tupate kufahamu kwa nini nchi ndogo, wakati wa vita na ugomvi, huwa na mashaka juu ya maneno ya rafiki zake wenye nguvu. Hatutaki kuamsha uchungu wa zamani. Twataka kuelewa tu, maana mambo ya namna hii hayakwisha pamoja na siku za manowari za makaa.

Kwanza yafaa tujue urafiki huo ulianzaje. Seyyid Said, baba yake Barghash, alifariki mwaka 1856, akaacha wana wengi na nchi mbili, Omani na Unguja. Majid akashika Unguja, na Thuwaini akashika Maskati. Mwaka 1859 Barghash alijaribu kumwondoa ndugu yake Majid katika kiti, lakini Waingereza walimsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay, akakaa huko kadiri ya miaka miwili. Basi, kabla ya kutawala, Barghash alikuwa amekwisha kuona kwa macho yake kwamba mwenye manowari ndiye aamuaye nani akae Unguja.

Mwaka 1861 Waingereza waliamua ugomvi wa Thuwaini na Majid, wakazitenga nchi zile mbili. Mwaka uliofuata, yaani 1862, Uingereza na Ufaransa ziliandika tamko kwamba zitaheshimu uhuru wa watawala wa Maskati na Unguja. Ukilisoma neno hilo kwa haraka, utadhani Unguja ilipata ngome. Walakini tazama vizuri: ahadi ile walipeana wao kwa wao. Waingereza waliwaahidi Wafaransa, na Wafaransa waliwaahidi Waingereza. Seyyid hakuwa mmoja wa waliotia sahihi. Na ahadi ambayo mimi na wewe tumepeana juu ya shamba la mtu wa tatu, mimi na wewe twaweza kuifungua siku tupendayo, bila kumwita mwenye shamba. Neno hili tuliweke akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Barghash alipata kiti mwaka 1870. Mwaka 1873 balozi wa Kiingereza, John Kirk, alimletea mkataba wa kufunga soko la watumwa na kukomesha kusafirisha watumwa baharini. Seyyid alikataa kwanza. Alipoambiwa kwamba manowari zitaifunga bandari yake, akatia sahihi. Biashara ile ilikuwa dhuluma kubwa, na kukomeshwa kwake kulikuwa heri kwa maelfu ya watu wetu. Hilo halina shaka. Lakini kwa Seyyid lilikuwa fundisho la pili juu ya nguvu za rafiki yake.

Wazee husema: Mkono usioweza kuukata, ubusu. Baada ya hapo Barghash alijitia kabisa upande wa Waingereza. Kirk akawa mshauri wake mkubwa, na kuanzia mwaka 1877 jeshi lake likafundishwa na kuongozwa na Mwingereza, Lloyd Mathews. Seyyid aliona kwamba akimpendeza mwenye nguvu mmoja, huyo atamlinda na wengine wote. Shauri hilo halikuwa la kipumbavu. Kwa zaidi ya miaka 10 lilionekana kuwa shauri jema.

Mwishoni mwa mwaka 1884 kijana mmoja Mjerumani, Carl Peters, alifika Unguja pamoja na wenzake wachache. Walivuka mpaka Saadani, wakaingia bara, wakazunguka Uzigua, Nguu, Usagara na Ukami kwa muda wa wiki chache. Kila walipofika waliwatolea wakubwa wa mahali karatasi, nao wakatia alama zao juu ya maneno wasiyoweza kuyasoma. Peters akarudi kwao na karatasi hizo. Wakati huo mataifa makubwa yalikuwa yamekusanyika Berlin kushauriana habari za Afrika. Mkutano ule ulifungwa tarehe 26 Februari 1885. Na siku ya pili yake, tarehe 27 Februari, mfalme wa Ujerumani, Kaisari Wilhelm wa Kwanza, akatoa hati ya kuzitia nchi zile chini ya ulinzi wake. Seyyid hakuwa na mjumbe katika mkutano ule.

Habari zilipomfikia, Barghash alimpelekea Kaisari simu ya kukataa, akisema kwamba nchi zile zilikuwa chini ya amri yake. Akamtuma Mathews na askari mpaka Kilimanjaro, ili wakubwa wa huko wakiri kwamba wao ni watu wa Seyyid. Kisha akamgeukia rafiki yake. Alitazamia kwamba Kirk, aliyekuwa mshauri wake kwa miaka yote ile, atasimama naye.

Kirk mwenyewe hakuyapenda matendo ya Wajerumani. Lakini amri aliyoletewa kutoka London ilikuwa asiwapinge. Je, kwa nini? Ili tujibu swali hili, yatupasa kuondoka Unguja kidogo na kutazama ramani ya dunia. Mwaka 1882 Waingereza waliingia Misri kwa jeshi, na mambo ya deni la Misri yaliwafanya wahitaji kukubaliwa na mataifa mengine, Ujerumani ikiwamo. Januari 1885 mji wa Khartoum ulianguka mikononi mwa watu wa Mahdi, na Jenerali Gordon akauawa. Machi mwaka uleule majeshi ya Urusi yalipigana na Waafghani mahali paitwapo Panjdeh, na watu wa London wakahofu vita na Urusi. Katika shida hizo zote Uingereza haikutaka kumkasirisha Bismarck, waziri mkuu wa Ujerumani. Ikiwa bei ya kumtuliza Bismarck ilikuwa bara la Seyyid Barghash, wao waliona kwamba bei hiyo ni ndogo. Serikali ya London ilibadilika mara kadhaa katika miezi ile, baina ya Gladstone na Salisbury, lakini shauri hili halikubadilika.

Hapa ndipo penye kiini cha mazungumzo yetu. Barghash hakuachwa kwa sababu ya kuchukiwa. Aliachwa kwa sababu ya Misri, na Khartoum, na Panjdeh, mahali ambapo hakupata kufika, na ugomvi ambao haukumhusu. Mtu wa kijijini aweza kufahamu jambo hili kwa urahisi. Jirani yako mwenye nguvu amekuahidi kuwa shahidi wako katika kesi ya shamba. Lakini yeye naye ana kesi yake, kubwa kuliko yako, katika baraza nyingine, na mtu unayeshtakiana naye ndiye mzee wa baraza hiyo. Siku ya kesi yako ikifika, jirani atakuambia kwa upole: Ndugu yangu, patana naye tu. Si kwamba hakupendi. Ameyapima mambo yake na yako, akaona yake ni mazito zaidi.

Mwezi wa Agosti 1885 manowari za Kijerumani zikatia nanga mbele ya jumba la Seyyid, mizinga ikielekea mjini. Pamoja nao walikuwa wamemleta Sayyida Salme, dada yake Barghash, aliyekuwa ameolewa na Mjerumani. Seyyid alipewa muda wa saa 24 kujibu. Hakuna manowari ya rafiki iliyotokea kusimama baina yake na mizinga ile, na Kirk alimshauri akubali. Akakubali.

Kisha ikafanywa tume ya kupima mipaka ya nchi ya Seyyid. Katika tume hiyo Uingereza ilikuwa na mjumbe wake, ambaye ndiye Kitchener aliyepata sifa nyingi baadaye; Ujerumani ilikuwa na wake, na Ufaransa wake. Mwenye nchi hakupewa kiti. Tena ilikatwa kwamba maneno ya tume yawe ya wote kwa pamoja. Basi mjumbe mmoja akikataa kwamba mahali fulani ni pa Seyyid, neno la wenzake halikuweza kusimama. Twaona hapa jinsi kanuni ya mkutano, ambayo kwa nje yaonekana ya haki, inavyoweza kuamua shauri kabla halijaanza.

Mapatano ya Oktoba na Novemba 1886 yalisema hivi: Nchi ya Seyyid ni visiwa vyake, na ukanda wa pwani kutoka upande wa Ruvuma mpaka Kipini, upana wake maili 10 za baharini, yaani kilometa 18 na nusu, na zaidi ya hapo, bandari chache za Banadiri. Nchi iliyo nyuma ya ukanda huo Uingereza na Ujerumani waligawana, kwa mstari unaoanza pwani karibu na Vanga na kuzunguka Kilimanjaro upande wa kaskazini, hata ziwa la Viktoria. Basi Nguvumali yetu, iliyo karibu na bahari, ilikuwa ndani ya ukanda wa Seyyid. Muheza na milima ya Usambara zikawa nje.

Neno moja zaidi lilikuwamo katika mapatano hayo. Uingereza iliahidi kuisaidia Ujerumani katika kumwomba Seyyid aikodishe forodha ya Pangani na ya Dar es Salaam kwa Kampuni ya Kijerumani. Fikirini neno hilo, wasomaji wetu. Rafiki wa Seyyid aliahidi, bila Seyyid kuwapo, kumsaidia mtu mwingine kuzipata forodha za Seyyid. Desemba 1886 Barghash alikubali. Asiyekuwapo na lake halipo.

Hata ukanda ule mwembamba haukuwa salama. Mwanzoni mwa mwaka 1887 Wareno waliichukua kwa nguvu ghuba ya Tungi, kusini ya Ruvuma, na mataifa yaliyokuwa yametia sahihi mwaka uliotangulia hayakumrudishia Seyyid chake. Mei 1887 Barghash aliwakodisha Waingereza wa kampuni ya Mackinnon pwani ya kaskazini, kutoka Vanga hata Kipini. Huenda mtu akauliza: Kwa nini aliwapa waliomwacha? Twaona kwamba hakuwa na rafiki wa tatu. Aliyebaki na njia mbili tu huchagua ile anayoifahamu. Tarehe 27 Machi 1888 akafariki.

Hata hapa habari yetu yaonekana kuwa nyepesi: mdogo alidhulumiwa na wakubwa. Lakini ina upande wa pili, nao watuhusu zaidi sisi watu wa Mrima. Mwezi mmoja tu baadaye, Aprili 1888, Seyyid Khalifa, mrithi wa Barghash, alitia sahihi mkataba wa kuiachia Kampuni ya Kijerumani kazi ya utawala na ushuru wa pwani yote kutoka Umba mpaka Ruvuma, kwa miaka 50, kwa jina la Seyyid na chini ya bendera yake. Je, watu wa Tanga waliulizwa? Watu wa Pangani waliulizwa? Majumbe wa Mrima, waliokuwa na heshima na haki zao za zamani, waliitwa Unguja kusikia? Hawakuitwa. Jambo lile ambalo Seyyid alitendewa na London na Berlin, Unguja nayo iliutendea Mrima. Ni kweli kwamba Khalifa alibanwa; lakini ni kweli pia kwamba mtu aliyebanwa hutafuta aliye chini yake ili ampitishie mzigo.

Mwezi wa Agosti 1888 watu wa Kampuni walifika kushika miji. Pangani walitaka bendera ya Kampuni itwekwe. Liwali akajibu kwamba hana amri ya Seyyid. Askari wa manowari wakashushwa, na heshima ya Liwali ikavunjwa mbele ya watu wake. Ndipo vita vikazuka, na Abushiri bin Salim akawa kiongozi wake mkubwa huko Pangani, na Bwana Heri huko Saadani. Hapa Tanga, mwanzoni mwa Septemba, mashua ya manowari ya Kijerumani ilipigwa risasi, na mji ukapigwa mizinga.

Seyyid alimtuma Mathews na askari waende Pangani kutuliza mambo. Aliweza kuwaokoa Wajerumani waliokuwa wamezungukwa, lakini watu hawakumtaka, wakamlazimisha aondoke. Kwa nini walimkataa mjumbe wa mtawala wao? Kwa sababu hawakujua tena maneno ya Seyyid ni ya nani. Bendera ilikuwa yake, karatasi ilikuwa ya Kampuni, na jemadari alikuwa Mwingereza. Imani ikiisha juu, hushuka kama maji mpaka chini kabisa.

Desemba 2, 1888, manowari za Uingereza na Ujerumani zikaanza kuizuia pwani pamoja, kwa jina la Seyyid, ili silaha zisiingie na watumwa wasitoke. Mwaka 1889 Wissmann akaja na askari wa Kisudani na wa kutoka Msumbiji. Julai miji ya Pangani na Tanga ikatekwa. Na tarehe 15 Desemba 1889 Abushiri akanyongwa Pangani.

Julai 1, 1890, wakubwa wale wawili wakapatana tena. Ujerumani ilipewa kisiwa cha Heligoland, kilichoko mbali katika bahari ya Ulaya, ikakubali Unguja na Pemba ziwe chini ya himaya ya Uingereza. Uingereza ikaahidi kumshawishi Seyyid, ambaye sasa alikuwa Ali bin Said, aitoe kabisa pwani yetu kwa Ujerumani, akapewa fidia ya marki milioni 4. Ule ukodi wa miaka 50 haukufika hata miaka mitatu. Na ile ahadi ya 1862 je? Agosti 1890 Ufaransa ilikubali himaya ya Uingereza juu ya Unguja, na Uingereza ikakubali himaya ya Ufaransa juu ya Madagaska. Waliofunga wakafungua, kama tulivyosema.

Basi twajifunza nini? Wengine husema kwamba mdogo asiwe na rafiki mkubwa kamwe. Hilo haliwezekani, wala si busara. Mtu peke yake hali nyama ya tembo. Wala hatusemi kwamba kila mkubwa ni mwongo. Pengine Kirk alihuzunika kweli. Lakini balozi ni mtumishi, na urafiki wa mtu si ahadi ya serikali yake. Twasema tu kwamba mashaka ya mdogo si utovu wa shukrani. Ni macho yake. Nayo yafaa ayatumie kwa kuuliza maswali matatu kabla ya kuegemea: Ahadi hii ameahidiwa nani, mimi au mwingine juu yangu? Rafiki yangu ana haja gani mahali pengine, inayoweza kulipwa kwa mali yangu? Na siku watakapokaa kushauriana habari zangu, nitakuwa na kiti?

Kisha liko swali la nne, ambalo mdogo hujisahau kujiuliza mwenyewe: Je, walio chini yangu nimewapa kiti? Jina la mtaa wetu limeunganisha maneno mawili, nguvu na mali. Seyyid Barghash hakuwa na nguvu za kutosha, na mali yake iligawanywa na wengine. Lakini iko nguvu moja ambayo hata nchi ndogo yaweza kuwa nayo, nayo ni watu wake kujua kwamba waliulizwa. Huenda nguvu hiyo isingalizizuia manowari za mwaka 1885. Lakini ingaliwafanya watu wa Mrima na watu wa Unguja wasimame upande mmoja mwaka 1888, badala ya kutazamana kwa mashaka juu ya maji.

Siku ninyi wanafunzi mtakapofika Horohoro, mkaona watu wakipanga safu na hati zao mikononi ili wakamzike ndugu yao upande wa pili, kumbukeni kwamba mstari ule haukupigwa na aliyeujua mti mmoja wa mahali pale. Na siku mtakapopewa ninyi kalamu, hata ikiwa ni ya kugawa mashamba ya kijiji kimoja tu, kabla ya kuandika, angalieni kwanza nani hayupo barazani, mkamwite.